Maboksi 3,127 Ndani ya Mfuko wa Shati

Ampu yangu ilikufa maji kati ya Mbita na kisiwa cha Mfangano. Tulikuwa tumealikwa kupiga muziki wa harusi, na boti ilikuwa imebeba bendi nzima, magunia ya mchele, keki iliyofunikwa kwa shuka, mbuzi wawili, na ampu yenye spika mbili za inchi 12 ambayo kwa uzito ilikuwa mbuzi wa tatu. Upepo wa mchana ukaamka. Wimbi la kwanza lilimlowesha mpiga ngoma, tukacheka. La pili liliingia ndani ya ampu kwa nyuma, pale ilipo wazi, na safari hiyo aliyecheka ni mpiga ngoma peke yake.

Tulipofika na kuichomeka kwenye jenereta, ilitoa pumzi moja, puh, kama mzee anayeketi baada ya kupanda mlima, ikafuka moshi mwembamba, ikanyamaza. Harusi ile niliimaliza gitaa likiwa limechomekwa moja kwa moja kwenye mixa. Bwana harusi, mtu mpole, alinijia wakati wa chakula akaniuliza kama zile waya nilizokuwa napiga zilikuwa za gitaa au za kuzungushia shamba.

Siku za juma mimi ni mwalimu wa hesabu mjini Migori. Jumamosi na Jumapili ni mpiga solo wa benga katika bendi ambayo jina lake hubadilika kulingana na aliyetukodi. Kwa mapato ya kazi hizo mbili, ampu mpya haikuwa jambo la kuzungumziwa mbele ya mke. Ndipo kijana mmoja akaniletea pedali ya mtumba, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, yenye kioo cha kuwaka na vitufe vinne.

"Mwalimu," akasema, "humu ndani kuna ampu mia moja."

"Na maji yakiingia?"

"Zinakufa zote mia kwa mpigo. Lakini mgongo wako utakuwa umepona."

Hoja ya mgongo ilinishinda. Nikalipa, nikaitia pedali mfukoni, nikapanda boda boda nikiwa mtu mwepesi kuliko wote katika Kaunti ya Migori.

Kazi ya kwanza ya pedali ilikuwa mkesha wa matanga upande wa Ndhiwa. Kwetu marehemu hasindikizwi kimya. Asiyechezewa, watu huuliza aliwakosea nini wanawe. Nikapanga vyombo, nikakanyaga kitufe, nikapiga nota ya kwanza. Nyuki. Nyuki waliofungiwa ndani ya debe, kisha mtu akalitikisa debe. Mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele alijifunika kitambaa masikioni. Mpiga besi wetu, ambaye hana kawaida ya kutoa maoni, alisogea akaninong'oneza, "Omera, hata marehemu anastahili heshima."

Jumatatu yake nilikwenda kwa kijana mwingine, yule anayerekodi kwaya za makanisa katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, nyuma ya steji ya matatu. Alisikiliza sekunde tatu tu.

"Mwalimu, umeleta ampu bila boksi."

"Boksi gani tena? Si nimeambiwa zimo mia humu?"

"Ampu zimo. Aliyekuuzia alizima maboksi, au aliyemuuzia yeye."

Akanifundisha, na kwa kuwa mimi pia hufundisha watu wasiopenda kufundishwa, nilijitahidi kusikiliza. Miaka yote nilidhani spika ni tarishi: anapewa barua, anaifikisha. Kumbe spika ya gitaa ni tarishi anayefungua barua njiani. Ile ya inchi 12 hukata karibu kila kitu kilicho juu ya hertzi 5,000 hivi, hunenepesha katikati, na boksi la mbao nalo huongeza lake upande wa chini. Tunachokiita sauti ya gitaa la umeme ni kile kinachobaki baada ya wizi huo. Mwondoe mwizi, barua inakufikia nzima, na barua nzima ndiyo wale nyuki wa Ndhiwa.

Basi wataalamu wakatafuta namna ya kuupiga picha wizi wenyewe. Unaweka maikrofoni mbele ya spika. Unapitisha ndani ya spika sauti inayopanda polepole kutoka nzito kabisa hadi nyembamba kabisa. Unarekodi kilichotoka, kisha kompyuta inalinganisha kilichoingia na kilichotoka na kukuandikia tabia yote ya boksi lile, pamoja na maikrofoni na mahali ilipowekwa, kwenye faili moja ndogo. Jina lake kamili ni impalsi risponsi. Wanaozitumia huandika IR, na sisi wa Migori hutamka aiari, kama jina la binti wa mtu. Faili ya kawaida ina sampuli 2,048. Kwa mwendo wa sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 42 na kitu. Kupepesa jicho huchukua muda mrefu zaidi. Boksi lililohitaji wanaume wawili kulipakia kwenye paa la matatu limekuwa kitu kifupi kuliko kope kushuka na kupanda.

Kijana akatoa flashi droo­ni. "Humu zimo za kukutosha," akasema.

Nikaitia mfuko wa shati. Zilikuwamo faili 3,127.

Mwalimu wa hesabu hawezi kuona namba kama hiyo akalala kabla hajajua imetoka wapi. Nilichukua karatasi, na kumbe ni swali la darasa la sita. Chukua boksi moja. Mbele yake weka maikrofoni ya Shure SM57, ambayo iko sokoni tangu 1965. Ielekeze katikati ya kofia ya spika, sauti inakuwa kali: faili ya kwanza. Isogeze hadi ukingo wa kofia, ukali unapungua: ya pili. Isogeze kwenye koni, sauti inakuwa nzito na yenye usingizi: ya tatu. Nafasi kama tano hivi. Sasa irudishe nyuma, inchi moja, mbili, nne, sita. Kisha iondoe, weka ya ribboni, tuseme Royer R-121, uanze upya. Nafasi 5 mara umbali 4 mara maikrofoni 6 ni 120, na bado hujaondoka mbele ya boksi la kwanza. Maboksi yalikuwa 26: ya Marshall, ya Fender, ya Vox, mengine yenye spika za Celestion Greenback, mengine Vintage 30, mengine Jensen. Mara 120, hizo ni 3,120.

Zilizobaki saba nilizichunguza moja moja kwa sababu mbakisho hunikera. Sita zilikuwa za gitaa la besi. Ya saba ilikuwa mwangwi wa kanisa kuu la Ulaya, faili ya sekunde kadhaa iliyopotea njia ikaingia humo. Niliipakia kwa tamaa ya kupiga benga chini ya kuba la mawe. Pedali yangu hukubali sampuli 2,048 tu, ikala milisekunde 42 za mwanzo na kutupa zilizobaki. Nikapata mlango wa kanisa, bila kanisa.

Usiku wa Ijumaa, saa tatu, nilivaa vifaa vya masikioni, nikafungua daftari la mraba, nikaamua kuzisikiliza zote. Sekunde 10 kwa kila faili. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: sekunde 31,270, yaani saa nane na dakika arobaini na moja. Nikimaliza, alfajiri ya saa kumi na moja na dakika arobaini na moja, ningekuwa ninajua boksi langu. Mkufunzi wangu wa chuo cha ualimu alizoea kusema mpango mzuri hauonyeshi ubaya wake hadi uanze kuutekeleza. Sina hakika aliwahi kusema hivyo. Lakini alikuwa na sura ya mtu ambaye angesema.

Faili ya kwanza niliiandika "tamu." Ya pili "tamu, ina mbao." Ya tisa "tamu sana." Ya kumi na nne ilinifanya nikasirike kwamba niliita ya tisa tamu sana. Kufikia ya sabini nilikuwa nimeandika "inanukia mvule," na kufikia ya mia moja na hamsini daftari linasema, kwa mwandiko wangu mwenyewe, "kama ile ya jana." Jana gani? Sikuwa na jana.

Mimi nilikuwa nasikia maboksi ya London na California. Mke wangu, upande wa pili wa pazia, alikuwa anasikia waya mkavu wa gitaa lisilochomekwa: ting-ting tiring-ting, kipande kilekile cha sekunde kumi, mara mia mbili na kumi na moja. Kwenye mara ya mia mbili na kumi na mbili pazia lilifunguka.

"Baba watoto, huo wimbo hauna ubeti wa pili?"

Nikamweleza kuwa huo si wimbo, natafuta boksi.

"Saa saba za usiku?"

Nikamvalisha vifaa vya masikioni, nikampigia faili tatu nilizozipenda. Akasikiliza kwa haki kabisa, ameinamisha kichwa kama anavyoonja chumvi.

"Ya katikati ndiyo iliyo juu," akasema.

"Juu vipi, kwa ubora?"

"Kwa sauti. Imeongezwa."

Akarudi kulala. Mimi nikaona hajaelewa sanaa, nikaendelea hadi faili ya 640, ambapo masikio yalianza kulia yenyewe, kiii, kama mbu aliyesoma muziki. Nikaamka Jumamosi na orodha ya vipenzi 17. Nikazisikiliza tena kwa mwanga wa jua. Kumi na mbili zilikuwa za kawaida, nne zilikuwa mbaya, na moja ilikuwa ya besi.

Hapo likanijia wazo la mtu aliyekata tamaa: kama moja ni tamu, mbili zitakuwa tamu mara mbili. Pedali inaruhusu kuchanganya. Nikachanganya mbili bora, ya karibu na ya mbali, na gitaa likapotea. Hamna besi, hamna katikati. Kilichobaki ni sauti ya mtu anayepiga gitaa ndani ya simu ya jirani. Kijana wa trei za mayai alinieleza baadaye kuwa maikrofoni ya mbali hupokea wimbi kwa kuchelewa, kwa hiyo moja inaposukuma nyingine inavuta, na katika masafa fulani ya sauti zinafutana kabisa. Wanandoa wanaobeba meza mlangoni watanielewa.

Ni yeye pia aliyethibitisha kuwa mke wangu ana masikio. Alinikalisha nigeukie ukuta wa trei, akapiga sauti ya kwanza, akapiga ya pili. "Chagua." Nikasema bila kusita kwamba ya pili ina mbao, ina kina, ina historia, ya kwanza ni bati. Akanigeuza nione kioo. Ilikuwa faili moja. Ya pili alikuwa ameiongezea desibeli mbili. Sikio la binadamu likiongezewa sauti kidogo halisemi imeongezwa, husema imekuwa nzuri, na nusu ya daftari langu ilikuwa ni rekodi ya faili zilizopiga kelele kuliko majirani zao. Nililipa soda na nikaomba jambo lile lisifike shuleni.

Bado lakini sikuwa nimepona. Tulikuwa na kazi mjini Homa Bay, sherehe ya mtu aliyefungua duka, nami nikaingia nikiwa na aiari kumi kwenye pedali, kila wimbo na yake, kwa nia ya kuacha umati uamue. Asiyejua sherehe zetu inafaa aelezwe pakruok. Mtu akisisimka hutoa pesa, muziki unasimamishwa, anapewa maikrofoni ajisifu: ukoo wake, kijiji chake, mkewe, ng'ombe alionao na anaotarajia kuwa nao. Akimaliza, muziki unaendelea, mwingine anatoa pesa. Bendi nyingi hula zaidi kwenye pakruok kuliko kwenye malipo ya makubaliano, kwa hiyo hatumharakishi mtu.

Wimbo wa tatu, bwana mmoja mwenye kofia ya kaubo­i alitoa mia mbili. Tukanyamaza.

"Mimi mwana wa chini ya mlima Asego!" akanguruma. "Ninayelipa deni kabla sijakopa! Endeleeni!"

Tukaendelea, mimi nikabadilisha aiari. Hata ubeti haujaisha, kofia ikarudi na mia mbili nyingine.

"Simamisheni! Mimi mwana wa Asego naomba gitaa la wimbo uliopita lirudishwe. Hili la sasa linapiga likiwa ndani ya friji."

Watu wakashangilia. Na alikuwa amesema kweli tupu, kwa maneno ya kitaalamu kuliko yale ya daftari langu. Nilikuwa nimepakia boksi la spika nne, maikrofoni ikiwa imeelekezwa kwenye koni, picha iliyopigwa kwa ajili ya gitaa la roki linalokwaruza, ambalo bila kufunikwa blanketi hutoboa masikio. Benga halikwaruzi. Gitaa la benga ni safi, linadonoa, linang'aa, kila nota inapaswa kuonekana kama punje ya mtama kwenye ungo. Ukilifunika blanketi la roki umelizika. Tatizo ni kwamba sikuwa nimeandika wimbo uliopita ulikuwa namba ngapi. Nikakanyaga kitufe chochote, nikamtazama kofia kwa uso wa mtu anayejua kazi yake.

Akasikiliza. Akatoa mia tatu.

"Hiyo sasa!" akasema. "Hiyo ndiyo yenyewe!"

Haikuwa yenyewe. Nimeihakiki baadaye.

Usiku ule, kabla ya kulala, nilichuja kwa ukoo. Maboksi yote ya spika nne, nje. Nafasi zote za koni, nje. Kila kilichorekodiwa kutoka inchi sita, nje, maana katika hema lenye upepo wa ziwa nina umbali wa kutosha. Nikabaki na maboksi ya spika moja na mbili, maikrofoni ya SM57 peke yake, kofia na ukingo wake. Kutoka 3,127 zikabaki 48. Nilijiona kama mtu aliyelipa madeni yote isipokuwa la dukani. Lakini arobaini na nane bado ni darasa zima, na mwalimu anajua darasa la watoto 48 lina kelele kiasi gani.

Aliyenisaidia ni jaduong', mzee mmoja anayeishi nje kidogo ya Kendu Bay, mpiga gitaa wa zamani aliyewahi kwenda Nairobi kurekodi santuri, akarudi, akafuga kuku. Nilikwenda kumwona kwa jambo jingine kabisa, mambo ya kiwanja. Sebuleni kwake niliona boksi. Limetengenezwa na seremala wa mtaani, mbao nene, mbele limewambwa kipande cha leso iliyopauka, ndani spika moja ya inchi 12 ambayo koni yake iliwahi kupasuka ikazibwa kwa gundi na karatasi ya gazeti. Nilichungulia kwa tochi ya simu. Ni ukurasa wa matangazo ya vifo. Nikajaribu kusoma ni nani.

"Jaduong'," nikamwuliza, "ninyi mlikuwa mnachaguaje boksi?"

"Boksi?" Akafikiri. "Lilikuwa moja. Tulichokuwa tunachagua ni nani alibebe."

Nimeifikiria sana kauli hiyo nikiwa kwenye matatu. Watu wa benga walioimeza dunia hii ya ziwa hawakuwa na flashi. D. O. Misiani alizaliwa 1940 huko Shirati, ng'ambo ya mpaka, karibu kiasi kwamba ukiwa Muhuru Bay unaweza kudai ni jirani, na gitaa la Shirati Jazz halikuonyesha pasi popote. Ochieng Nelly na Collela Mazee walianzisha Victoria Jazz mwaka 1972. Phares Oluoch Kanindo alisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika, na Zimbabwe wakauita muziki wenyewe kanindo, kwa jina la mwenye lebo. Sijasikia kwamba kuna Mzimbabwe aliyeandika barua kuuliza maikrofoni ilikuwa inchi ngapi kutoka kwenye koni. Na kabla ya hao wote palikuwa na nyatiti, nyuzi nane juu ya boksi moja la mbao lililowambwa ngozi, mpigaji ameketi kigoda cha chini, njuga mguuni, pete ya chuma kidoleni pa mguu ikigonga ubao kushika mwendo. Hapo ala ndiyo boksi, na boksi ndiyo ngoma. Gitaa la solo la benga lilijifunza kudonoa kutoka pale. Mimi nilikuwa natafuta mizizi ya sauti hiyo kwenye folda iliyoandikwa California.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kendu Bay na kijana wa trei za mayai, laptopu yake na SM57 ya kuazima. Tutalipiga picha boksi la jaduong'. Njia tuliyotumia ni ile aliyoieleza Profesa Angelo Farina wa Chuo Kikuu cha Parma, Italia, mwaka 2000: sauti moja inayopanda bila kukatika, kuanzia chini kabisa hadi juu kabisa, kwetu kwa sekunde kumi. Inahitaji mahali tulivu. Sijui Parma kuko vipi, ila nadhani kuku wao hawaishi sebuleni.

Jaduong' alikataa rula. Maikrofoni aliiweka mwenyewe, ukingoni mwa kofia, umbali wa kiberiti kimoja kilichosimama wima. "Hapo," akasema, na hakukuwa na kura. Kijana akabofya. Sauti ikaanza chini, vuuu, vikombe vikatetema kabatini, ikapanda, ikapanda, na ilipofika kimo cha jogoo, jogoo akaijibu. Aliijibu kikamilifu, kwa kifua chote, akiwa juu ya mkono wa kochi.

Mara ya pili tulimtoa nje. Akaijibu kupitia dirishani, kwa hasira zaidi, maana sasa alijua mpinzani amebaki ndani na majike wake. Mara ya tatu jogoo alinyamaza na posho mill ya jirani ikaanza kusaga. Mara ya nne kila kitu kilitulia, jogoo, mashine, upepo, hata watoto walishika midomo, na simu ya jaduong' ikaita. Akaipokea. Alikuwa ni mteja wa mayai.

Kijana alinionyesha kinachotokea, kwenye kioo cha laptopu. Kelele ikiingia katikati ya kipimo haibaki ilivyo. Hesabu za kompyuta huinyoosha ikawa filimbi inayoteleza kutoka juu kwenda chini. Faili ya kwanza ilikuwa na jogoo aliyegeuzwa kuwa filimbi, ya tatu ilikuwa na mashine nzima ya kusaga iliyogeuzwa kuwa kitu ambacho sikukitambua. Tulichukua ya pili, jogoo akiwa mbali, tukaikata kwa sampuli 2,048. Sehemu kubwa ya jogoo ilianguka nje. Chembe ndogo imebaki, kijana anasema haisikiki. Mimi naisikia kwenye nota za juu za wimbo wa taratibu. Huenda ni kwa sababu namjua.

Faili tuliipa jina la JADUONG, nikaipakia kwenye pedali nafasi ya kwanza, nikazizima nafasi nyingine tisa. Imepiga harusi mbili Rongo, uzinduzi wa kanisa Awendo, na matanga moja Nyatike ambako yule mama wa kitambaa alikuwapo tena. Safari hii alikivua akakipunga juu. Ninajua alikuwa ameanza kucheza kabla sijaanza kupiga, hata hivyo nimeihesabu. Hakuna aliyeniuliza kuhusu boksi. Mpiga besi alisema, "Leo umetulia," nikamjibu asante, na kumbe alikuwa anaongea na mpiga ngoma.

Wiki sita baadaye nilirudi nyumbani jioni nikamkuta mke wangu mezani, anasikiliza kwaya yao kwenye redio ndogo ya kuchomeka. Flashi iliyokuwa inawaka taa ya bluu niliitambua.

"Hiyo si ile yangu?"

"Ilikuwa kwenye mfuko wa shati la kufua. Nilikwenda cyber wakaisafisha, wakatutilia nyimbo za tamasha."

"Kulikuwa na faili 3,127 humo."

"Niliziona. Sikukurupuka, nilizifungua kwanza kama ishirini hivi. Zote zimeharibika. Ukibonyeza inafanya tak, basi. Nyingine, tak. Nikajua ni virusi."

Hana kosa. Ukiifungua aiari kama wimbo, hicho ndicho kitu chote ilicho nacho cha kukwambia, milisekunde 42: tak. Saa zangu zote za usiku, daftari la mraba, mvule, historia, tak. Nilivuta kiti nikaketi. Nilishangaa kwamba sikuumia. Nilimimina chai.

"Zote tak?" nikamwuliza, kwa kumaliza mazungumzo tu.

"Zote." Akafikiri, kichwa ameinamisha, vile vile anavyoonja chumvi. "Kuna moja tu ilifanya tok."

Nikaweka kikombe chini.

"Iliitwaje?"

"Baba watoto," akasema, akiongeza sauti ya kwaya, "kunywa chai."